Trekta Lingewaka Lenyewe

Jumamosi, Julai 1999
Umbilo, Durban

Mawingu, hakuna mvua. Baridi ile ya Durban inayokuja na unyevu, ambayo watu wa kwetu Njombe wangeiona ni ya kuvulia koti. Mimi leo naisikia mpaka kwenye meno, labda kwa sababu sina mahali pa kwenda.

Jana nimemwaga unga, kwa kosa ambalo sikulifanya. Aliyelifanya ninaishi naye nyumba moja, na asubuhi hii amening'arishia viatu.

Nimekaa kwenye duka la simu hapa Umbilo Road, kule nyuma kwenye kompyuta yao moja. Mwenye duka ni mtu wa watu, na wateja wa Jumamosi bado hawajaamka. Sijui kama kuna anayeusoma ukurasa huu. Kama yupo, asome mpaka mwisho kabla ya kunihurumia, maana leo sitaki huruma. Nataka kusema tu.

Kazi yangu ilikuwa trekta. Si lile kubwa la kulimia. Ni dogo, la dizeli, silinda tatu, rangi yake nyekundu imepauka mpaka inafanana na tofali, na lilikuwa likivuta matela ya magunia kutoka kwenye makontena hadi maghalani, kule Clairwood kwenye yadi za malori. Wenzangu walilipa jina la Shangazi, kwa sababu asubuhi lilikuwa halitaki kusemeshwa na mtu mpaka lipate joto. Likishapata joto lilifanya kazi siku nzima bila kulalamika, na wote tukawa tunaliheshimu hivyohivyo, kwa utani nusu na kwa kweli nusu.

Mimi nilijifunza matrekta kwenye shamba la chai huko nyumbani, ambako mwezi kama huu umande unaganda juu ya majani. Fundi aliyenifundisha alikuwa mkali, hapendi haraka. Alisema injini ya dizeli haina cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, basi. Hewa ikiwa ya baridi na injini ikiwa imechoka, utalia. Ndiyo maana kuna plagi za joto, vijiti vidogo vinavyoingia kwenye kila silinda na kuwa vyekundu. Unazungusha ufunguo kushoto, unaushika hapo, unatazama kile kiwaya kwenye dashibodi mpaka kiwe chekundu sawasawa. Halafu unakanyaga klachi ili stata isizungushe na giaboksi bure, unavuta mafuta nusu, unazungusha kulia. Isipowaka unaachia, unaipumzisha stata, unaanza upya. Hakuna ujanja mwingine.

Na ile ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Kubwa ni ya jioni. Jioni unajaza tangi, kwa sababu tangi tupu usiku linatoa jasho ndani na jasho hilo ni maji kwenye dizeli. Asubuhi unafungua kile kikombe cha chini ya filta na kumwaga maji yaliyojikusanya. Unapima oili kabla ya kuwasha, si baada. Unakung'uta chujio la hewa, na pale Clairwood vumbi la malori halina mchezo. Unakaza mkanda wa feni. Vichwa vya betri unavifuta na kuvipaka grisi, kwa kuwa hewa ya bahari inakula chuma hata ukiwa huioni bahari yenyewe. Nilifanya hayo kila siku. Sikumbuki kama kuna mtu aliwahi kuniona nikiyafanya.

Wanachokiona watu ni injini ikigoma asubuhi.

Sasa Floribert. Ni Mkongo wa Likasi, ananiita yaya kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa, nami namwita Flori. Kwao alikuwa dereva wa malori ya mgodini. Nilikutana naye kanisani majira ya baridi ya mwaka juzi, hana kazi, hana pa kulala, ana koti moja na mke mpole anayeitwa Beatrice. Nikampeleka kwa Zondi, msimamizi wetu pale yadi, nikamwambia huyu ni ndugu yangu. Akapewa kazi ya kubeba magunia. Na chumba nikamgawia. Siandiki haya kumsimanga, ingawa leo nina hamu ya kumsimanga mtu. Naandika ili ieleweke kwamba hatukuwa watu wa kupita tu.

Kuna jambo moja kuhusu nyumba yetu ambalo lazima nilieleze, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Tulipokuwa tunaishi wengi katika fleti moja kule South Beach, boila ilikuwa imekufa na tulikuwa na birika moja kubwa la bati. Ikazuka desturi. Anayeamka kwanza anachemsha maji ya wote. Halafu ikaendelea: anayeamka kwanza akiona shati la mwenzake halijapigwa pasi, anapiga. Akiona viatu vichafu, anavifuta. Chai anaiweka kwenye thamosi. Na hasemi. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, kutokusema. Ukisema umefanya, umeharibu. Aliyefanyiwa naye hashukuru, anajua tu kwamba siku nyingine ni zamu yake kutangulia kuamka. Watu tuliokuwa tumeacha nyumba zetu na mama zetu, tulikuwa tunaamka tukijua kuna mtu ametufikiria. Tulipohamia huku Umbilo, tumebaki watatu, tukaja na birika na desturi yake.

Niliipenda desturi ile kuliko kitu chochote katika mji huu. Leo nikilifikiria birika naona hasira.

Mwezi uliopita Shangazi alianza kuchelewa kuwaka. Nilijua tatizo siku ya kwanza. Kile kiwaya kwenye dashibodi kilikuwa kinakuwa chekundu cha kufifia, na ukikiona hivyo ujue plagi moja ya joto imekufa, silinda moja inaamka bila joto. Nikamwambia Zondi tununue plagi. Akasema mwezi ujao. Nikamwambia tena. Akasema, eish, Tanzania, mwezi ujao. Pale yadi mimi naitwa Tanzania na Flori anaitwa Congo. Majina yetu hakuna aliyejishughulisha nayo.

Kukawa na asubuhi ambazo nazungusha, napumzisha, nazungusha, huku madereva wa malori wamekaa kwenye foleni wanapiga honi. Mmoja alisema mbona usipulize ile dawa ya kopo. Ile etha. Unaipuliza kwenye bomba la hewa, injini inashtuka na kuwaka hapohapo. Nilishawaambia pale yadi mara nyingi, Shangazi hapulizwi. Injini yenye plagi za joto hupulizi, kwa sababu etha inawaka ikiguswa tu na kitu chekundu, inawaka kabla ya wakati wake, pistoni bado iko njiani inapanda. Kitakachotokea ni kama kumpiga mtu kofi anapopanda ngazi. Nikachukua rangi nyekundu nikachora alama ya X kwenye kifuniko cha bomba la hewa, wakanicheka, wakasema Tanzania anahubiri.

Jumatano Zondi akanifuata. Si mtu mbaya Zondi, naye ana watu juu yake. Akasema Ijumaa kuna makontena mengi, na kama siku hiyo trekta halitavuta yadi inapofunguliwa, atatafuta mtu mwingine wa kuliwasha. Aliyasema mbele ya wabeba magunia wote. Flori alikuwepo, amesikia kila neno.

Alhamisi, kazi ilipokwisha, nilipita kwa muuza vipuri wa hapa hapa Umbilo Road, nikapata plagi ya mtumba inayofanana, nikarudi yadi jua halijazama. Nikatoa ile iliyokufa, nikasafisha masizi kwenye tundu lake, nikafunga nyingine kwa mkono kwanza na spana baadaye, taratibu, kwa kuwa uzi wake ukiuvunja umekwisha. Nikabadilisha na filta ya dizeli. Nikajaza tangi. Nikazungusha ufunguo kushoto kujaribu, na kiwaya kikawa chekundu kama nilivyokuwa sijakiona mwaka mzima. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kitoto. Sikumwambia mtu. Sikumwambia Zondi kwa sababu nilitaka ashangae, na sikumwambia Flori kwa sababu nyumbani kwetu mambo kama hayo hayasemwi.

Jana asubuhi nikaamka nikakuta maji ya moto, chai kwenye thamosi, Flori hayupo. Nikadhani amekwenda kwenye sala za alfajiri, huwa anakwenda. Nikaoga, nikanywa chai yake, nikapanda taxi kwenda Clairwood, mtu mwenye amani kabisa.

Zondi alikuwa amesimama karibu na trekta na madereva wawili, mikono mfukoni. Akasema leo anataka kusikia mlio tu, hadithi hataki. Nikampa heshima yake. Nikapima oili, nikamwaga maji ya filta, nikapanda. Nikashika ufunguo kushoto. Kiwaya kikawa chekundu. Nikamtazama Zondi nikatabasamu, na tabasamu lile ndilo ninalolijutia zaidi ya yote, maana baadaye lilionekana la mtu mwenye ujanja wake. Nikakanyaga klachi, nikazungusha kulia.

Halikuwa mlio wa injini. Ulikuwa mshindo mmoja, mkavu, chuma kwa chuma, trekta zima likaruka mahali lilipo. Halafu likazunguka mara mbili na kitu ndani kinasaga, nikaachia. Moshi mweupe ukatoka kwenye bomba la hewa, mahali ambapo moshi hautakiwi kutoka.

Na ile harufu. Tamu, ya hospitali. Niliijua kabla sijashuka.

Zondi naye aliijua. Akafungua sanduku langu la spana, lile dogo lililo chini ya kiti, ambalo hakuna mwingine anayeligusa, akatoa kopo la etha limeviringishwa kwenye kitambaa safi. Kitambaa nilikijua. Ni kipande cha kitenge cha Beatrice, tunakitumia nyumbani kushikia birika.

"Eish, Tanzania," akasema. "Kila siku unatuhubiria tusipulize. Kumbe kopo unalificha wewe."

Alisema kwa Kiingereza, taratibu, bila kufoka. Angefoka ningejisikia vizuri kidogo. Nikatazama upande wa ghala. Flori alikuwa amesimama pale na gunia begani, macho yamemtoka. Hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Alikuja mapema. Alipuliza, tena alipuliza kwa mkono wa mtu wa malori makubwa ya mgodini, akafunika kifuniko ili dawa isitoke. Kopo akaniwekea kwenye sanduku ili kesho na keshokutwa nisihangaike tena. Alinitangulia kuamka, akaniandalia, hakusema.

Zondi akauliza kama kopo ni langu. Nikamtazama Flori. Nilimpa nafasi, Mungu anajua nilimpa. Neno moja tu lilitakiwa. Akaliweka gunia vizuri begani, akageuka, akaingia ghalani.

Basi nikasema sijui. Mtu mzima, na miaka yangu yote ya kazi, nikasema sijui. Kwa nini sikumtaja? Nimejiuliza njia nzima. Beatrice ana mimba kubwa, anaweza kujifungua wiki yoyote. Hiyo ni sababu nzuri na ndiyo ninayoitumia. Lakini kuna nyingine. Nilikuwa sijaamini. Nilikuwa bado nasubiri atoke ghalani.

Hakutoka.

Mafundi wakalifungua trekta mchana, nilikuwa bado nasubiri karatasi zangu za kuachishwa kazi. Pistoni moja imepasuka ukingoni, ncha ya plagi ya silinda hiyo imekatika na kudondokea ndani, ukuta wa silinda umechanika. Na ile plagi niliyoifunga Alhamisi, ya silinda ya tatu, ilikuwa nzima kabisa. Nilimwambia fundi nimeifunga jana. Akasema vizuri, imefungwa vizuri. Hilo ndilo neno jema la mwisho nililoambiwa pale yadi.

Lingewaka lenyewe. Hilo ndilo linaloniuma. Flori asingegusa kitu, Shangazi angewaka kwa jaribio la kwanza, Zondi angeshangaa, na leo ningekuwa Clairwood napaka grisi. Au mimi nisingefunga ile plagi, pengine etha yake isingekuta wekundu wa kutosha na tungepona. Kila mmoja alimwandalia mwenzake kimya kimya, na vitu viwili vyema vikakutana ndani ya silinda.

Lakini sitaki kujidanganya kwamba tuko sawa. Mimi nilinyamazia wema. Yeye alinyamazia kosa, mbele yangu, na gunia begani.

Jioni alinisubiri kwenye ngazi za jengo, hakutaka tuzungumze ndani. Alikuwa analia kweli.

"Yaya, miye nilitaka kukusaidia tu. Kwetu Likasi, baridi ikikuwa, tunafanyaka vile."

Nikamwambia malori yenu hayana plagi za joto, Flori. Nimewaambia mara ngapi.

"Nilisikia ulisema moja imekufa. Nikasema, basi zote zimekufa. Pardon, yaya. Kama nasema kwa Zondi, atanifukuza, na Bea iko karibu kuzala. Ngoja kwanza mutoto azaliwe."

Nikapanda ngazi. Ndani Beatrice alikuwa ametupikia bugali, ugali wa kwao, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akanipa kipande kikubwa cha samaki, cha kichwa, ambacho siku zote ni cha mumewe. Akaniambia pole kwa sauti ya chini.

"Flori amenambia, shemeji. Usijiue roho. Kila mutu anakosaka."

Amemwambia. Amemwambia kwamba ni mimi niliyepuliza. Nilimtazama Flori, yuko kwenye sahani yake, anakata tonge. Na mimi nikala ule msamaha na samaki wake. Nilimeza yote, nikaenda kulala, na kama kuna usingizi niliupata basi ulikuwa wa hasira.

Sasa asubuhi hii.

Nimeamka wa mwisho, jambo ambalo halijatokea siku nyingi. Maji yalikuwa ya moto. Chai kwenye thamosi. Ovaroli langu lilikuwa limefuliwa na linaning'inia dirishani, na viatu vyangu vya kazi viko mlangoni vimeng'arishwa mpaka pembeni mwa soli. Viatu vya kazi, vya mtu asiye na kazi. Nilivitazama kwa muda mrefu. Nilitaka kuvitupa nje.

Flori alikuwa mezani. Beatrice anamenya viazi. Nikakaa. Flori akazungusha kikombe chake, akazungusha tena.

"Yaya, iko kitu nataka kukuuliza."

Nikajua sasa anasema. Roho yangu ikalegea, kwa kweli nilikuwa tayari kumsamehe hapohapo, mjinga mimi.

Akasema Zondi alimwita jana jioni. Trekta la kukodi linaletwa Jumatatu, dogo, la dizeli vilevile. Zondi akamwambia, Congo, Monday wewe ndiye driver, sharp? Naye akajibu sharp, yaani sawa. Tatizo ni kwamba trekta hilo nalo lina plagi za joto, na yeye hajawahi.

"Ile clé ya kushoto, yaya. Ninaishika muda gani?" Alimaanisha ufunguo.

Sijui niliwezaje kukaa kwenye kile kiti. Kazi yangu ameichukua, jina langu amelipaka matope mbele ya mkewe, na sasa anataka na mikono yangu. Nilifikiria kumwambia akamuulize Zondi. Nilifikiria kumwambia uongo, ashike mpaka plagi ziungue zote. Ndiyo, nilifikiria, na ninaandika hapa ili nisije nikajifanya malaika baadaye.

Halafu nikamfundisha.

Siyo kwa upendo. Nilimfundisha kwa sababu injini ile haina kosa. Nikawasha jiko la umeme, lile la koili, nikamwambia tazama. Sasa ni nyeusi, ukizungusha stata hapa unachosha betri bure. Sasa imeanza. Sasa ni nyekundu ya kufifia, bado, usiwe na haraka. Sasa. Hapo ndipo unakanyaga klachi na kuzungusha kulia. Nikamweleza tangi la jioni, maji ya filta, oili kabla na si baada. Beatrice akaacha viazi akawa anatazama, kwa kuwa nilikuwa nafundisha vizuri. Najua ninapofundisha vizuri.

"Na etha hupulizi kabisa," nikasema. "Ukipuliza halafu koili iko hivi, inawaka kabla ya wakati. Pistoni inapasuka."

Beatrice akalitazama jiko. Akanitazama mimi.

"Weye ulikuwa unajua hii mbele, shemeji?"

"Tangu Njombe."

"Lakini weye haukupuliza, basi."

Alikuwa hasemi nami. Alikuwa anapiga hesabu yake mwenyewe, kisu bado kiko mkononi. Akatazama kile kitambaa cha kitenge, kile kinachobaki, juu ya mshikio wa birika. Kilikuwa kimekatwa nusu kwa mkasi. Nadhani jana aliona na hakuuliza.

"Flori. Ni weye?"

Flori akainamia kikombe chake. Koili ilikuwa bado nyekundu, hakuna aliyeizima.

"Jana nilimuambia shemeji kila mutu anakosaka," Beatrice akasema. "Na weye ulikuwa unakula."

Flori akasema atasema. Akasema, nitasema lundi, yaani Jumatatu, nitasema kwa Zondi lundi asubuhi. Alimwambia mkewe, mimi hakunitazama. Beatrice akazima jiko, akaketi polepole akishika mgongo, akaendelea kumenya viazi. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye maganda, naye hakuyafuta. Nikachukua koti nikatoka. Viatu nilivyovaa ni vya kanisani. Vile vya kazi vimebaki pale mlangoni.

Siamini Jumatatu ya Flori. Mtu aliyeshindwa kusema neno moja nikiwa nimesimama mbele yake atawezaje kulisema nikiwa sipo, amekaa kwenye kiti changu, ufunguo mkononi? Sasa anazo kweli mbili, ile aliyoigundua mkewe na ile yake mwenyewe, labda zitamsukuma. Labda. Mimi Jumatatu nitakuwa getini Clairwood kabla halijafunguliwa. Akisema mwenyewe, nitasimama naye, nitamwambia Zondi alifanya kwa kutaka kunisaidia, maana ndiyo kweli. Asiposema, nitasema mimi, na mtoto atazaliwa hivyohivyo. Nimeshaogopa vya kutosha kwa ajili ya mtoto ambaye si wangu.

Kazi sitarudishiwa. Trekta limekufa, na kuwasha la kukodi nimeshamfundisha mtu mwingine. Ninachokwenda kuchukua ni jina langu tu, niweze kumwambia msimamizi mwingine wa yadi nyingine kwamba mimi ni mtu wa matrekta.

Mwenye duka amekuja kuniuliza kama namaliza, wateja wameanza. Namaliza.

Nitarudi nyumbani jioni, sina nyumba nyingine. Tutakula bila kusemeshana. Na nimeamua jambo moja dogo, ambalo linaniuma kuliko hilo la Jumatatu. Kesho nikitangulia kuamka nitachemsha maji ya mtu mmoja, yangu tu.

Birika letu ni kubwa, siku zote nalijaza mpaka shingoni bila kutazama. Maji ya mtu mmoja sijui yanaishia wapi.